Kijiji cha Wajeuri Ng'ambo ya Luama

Mnaniuliza watu wa wapi ndio wajeuri zaidi. Mmoja wenu anasema Walega wa msituni, mwingine anasema Wazimba, na yule mrefu aliyerudi juzi kutoka Kasongo anaapa kwamba hakuna wajeuri kama watu wa mjini, wanaopokea mzigo wako wa mpunga bila kukutazama usoni. Mmenijia mimi kwa sababu nilikuwa mkalimani wa misafara tangu usichana wangu mpaka magoti yaliponigomea, na mnajua nimetukanwa kwa lugha nyingi kuliko mtu yeyote hapa Kabambare. Hilo ni kweli. Basi kaeni. Ila msiache kumenya mihogo. Mikono ifanye yake na masikio yafanye yake.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Mkalimani wa siku zile hakuwa mtu wa kusimama katikati na kugeuza maneno kama mtu anayegeuza ndizi juu ya makaa. Ulitangulia mbele ya msafara, peke yako au na mwenzako mmoja, bila bunduki. Ulisimama nje ya kijiji, ukaweka chini chumvi kidogo, ukangoja. Aliyenifundisha kungoja ni Muzee Kalume, Mzimba mmoja mwembamba, sauti yake ya mafua mwaka mzima. Aliniambia, "Lugha utaijua tu, mwanangu. Lakini kama hujui pa kukaa, utakalia kiti cha marehemu wao, na hapo hata ukisema kama malaika watakuona nguruwe."

Kwa hiyo tulikuwa tunatazama. Nani anasema na nani? Nani anapita nyuma ya nani? Wanapiga makofi kabla ya kusema au baada? Mgeni anatajiwa jina la mwenyeji, au kulitaja ni kumwita mchawi? Mambo hayo yalibadilika kutoka bonde moja hadi jingine, na kila bonde liliona majirani zake hawakulelewa.

Siku moja wapagazi wetu, Wanyamwezi, walimwona mwanamume anakuja njiani na kitita cha kuni. Alipotuona tu, akatupa kuni, akajitosa kwenye majani. "Mwizi!" wakapiga kelele, wakamfukuza, wakamleta wamemkaba, naye amefumba macho kama mtu aliyeingiwa na moshi. Hakutaka kuyafumbua hata kidogo. Muzee Kalume alimtazama, akamtazama mama tuliyemwajiri kutuonyesha njia, akaanza kucheka mpaka akakohoa. Yule mama alikuwa mkwe wa yule mwanamume. Kwao mwanamume hamwangalii mama wa mke wake, akimwona anaingia porini. Katika njia ile nzima hapakuwa na mtu mwenye adabu kuliko yule, na ndiye tuliyemkamata.

Siku nyingine haikuwa ya kucheka. Tulikuwa na mwenzetu mmoja, Sumaili, mtu mwema aliyependa amani. Mkuu wa kijiji akisema neno kali, Sumaili alilipaka mafuta. Basi mahali pamoja mkuu alisema, "Chakula hakipo, na kingekuwepo nisingewapa." Sumaili akamgeukia kiongozi wa msafara: "Anasema kesho, Bwana." Kesho yake watu wa bunduki wakaenda kuchukua walichoahidiwa. Hapakuwa na kitu, na wakaona wamedanganywa na washenzi. Nilipopita pale tena nilikuta nguzo zimesimama katika majani, nyeusi. Sumaili aliacha kazi.

Muzee Kalume alinikalisha chini. "Umeona," akasema. "Mutu akitukana, wewe toa tusi lote. Lakini usiishie hapo. Uliza kwa nini, utoe na hiyo."

Sasa nirudi nyuma, maana mmoja wenu ameniuliza nilipataje kuingia kazi ya wanaume.

Mimi ni Mbangubangu, wa kijiji ambacho hakipo tena. Mtu wa kwanza kunisalimia kwa Kiswahili alinisalimia vizuri mno. Alikuwa na kanzu safi. Alimshika baba yangu mkono kwa mikono yake miwili, akamuuliza habari za nyumba, za mashamba, za mbuzi, za wagonjwa. Alikaa kwetu akila sombe yetu, majani ya mihogo, na kushukuru kila tonge. Halafu watu wake wa bunduki wakafika. Nilikwenda Kasongo nimefungwa kamba pamoja na wasichana wengine, na njia nzima bwana yule hakutupazia sauti hata mara moja. Tukichoka alisema, "Jikazeni kidogo, wanangu." Mpaka leo sijakutana na mtu mwenye maneno laini kama yake.

Nikakulia Kasongo, katika nyumba ya mfanyabiashara wa pembe. Humo nilijifunza Kiswahili, sala, na kupika wali usioshikana. Katika vijiji vingi wanawake ndio wenye akiba ya chakula, na hawakutaka kusema na wanaume wageni, kwa hiyo Muzee Kalume aliniomba kwa bwana wangu niende naye. Bwana yule alipokaribia kufa aliniacha huru. Nikabaki na kazi ile, kwa kuwa sikuwa na kijiji cha kurudia.

Zamani tulikuwa tunangoja, kama nilivyowaambia. Baadaye misafara ikawa mikubwa na bunduki zikawa nyingi, na viongozi wakachoka kungoja. Wakawa wanaingia moja kwa moja mpaka uwanjani, wanatandika mikeka yao, ndipo wananiita: "Mwamini, waambie tumekuja kwa amani." Niliyasema maneno hayo nikiwatazama watoto wanavyotolewa kwa mlango wa nyuma.

Katika kuzunguka huko niliona jambo moja. Wabangubangu wa kando ya njia kuu, ile itokayo hapa kwenda ziwani, walikuwa wakali. Ukiomba maji wanakuonyesha mto. Ukiuliza njia wanakuonyesha isiyo njia. Lakini ukiiacha njia ukapanda vilimani, unawakuta Wabangubangu wale wale, wa koo zile zile, walioozana na wale wa chini, nao wanakuletea kiti na maji kabla hujasema umetoka wapi. Wapagazi waliporudi kwao walisema, "Wabangubangu ni wajeuri." Wao hawakuwahi kuiacha njia.

Basi ng'ambo ya mto Luama, mwendo wa asubuhi tu kutoka kivukoni, palikuwa na kijiji ambacho misafara yote ilikiita Kwa Wajeuri. Sababu kubwa ya jina hilo ni mwanamke mmoja aliyeitwa Bitondo. Alikuwa mama mfupi, kichwa amekinyoa kama mfiwa. Msafara ukitokea, wenzake wanakimbia, yeye anatoka. Anasimama katikati ya njia, anatema mate chini, anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inasimama. Wakalimani waliotangulia, wengi wao wasiojua Kibangubangu vizuri, waliwaambia mabwana zao, "Anatukana tu, huyu ana wazimu." Wengine wakamsukuma pembeni. Mmoja alimpiga kwa kitako cha bunduki, akabaki na bega lililoinama.

Mimi nilimkuta mwaka ambao nilipita huko na msafara wa Bwana Nasoro, mtu wa pwani, mpole, mwenye kusali kwa wakati. Muzee Kalume alikuwa ameshafariki, na mkalimani nilikuwa mimi peke yangu. Mnyapara wa watu wa bunduki aliitwa Feruzi, kijana mwenye hasira za haraka.

Bitondo alitoka kama kawaida yake. Akatema mate mbele ya miguu ya Bwana Nasoro, karibu kabisa na kiatu, akaanza.

Feruzi akashika bunduki. "Bwana, kijiji hiki tukifundishe adabu leo. Wamezoea."

Bwana Nasoro aligeuka kwangu. "Anasema nini?"

Nikasema, "Anasema wewe ni fisi, Bwana, na mama yako ni fisi."

Wapagazi waliokuwa karibu wakarudi nyuma. Feruzi akapiga hatua.

"Hajamaliza," nikasema. "Anasema, fisi, umempeleka wapi Wabiwa? Hilo ndilo analopigia kelele. Matusi ni machache, Bwana. Yote mengine ni hilo swali. Wabiwa yuko wapi? Wabiwa yuko wapi?"

"Wabiwa ni nani?"

Nikamuuliza. Mama yule alinikazia macho kwanza, maana nilimsemesha Kibangubangu cha nyumbani, kile cha mama zetu, naye hakutegemea. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Ni mwanangu. Alikwenda kuchota maji."

Nilimwambia Bwana Nasoro. Mkono wake ulikwenda kwenye tasbihi. Feruzi akasema, "Bwana, jua linapanda." Bwana Nasoro akamwashiria anyamaze.

"Mwambie sijui," akasema. "Sikumchukua mimi, na sijui aliko. Mwambie hivyo hivyo, usiongeze kitu."

Nikamwambia hivyo hivyo. Nilidhani atatema mate tena. Bitondo alimtazama yule bwana juu mpaka chini, akaniambia, "Wamepita wengi hapa. Huyu ni wa kwanza kunijibu." Akatoka njiani, akakaa juu ya gogo, na tukapita. Chakula hakutupa. Ila wapagazi walipokwenda mtoni kuchota maji, hakuna aliyewarushia jiwe.

Mimi nilibaki nyuma kidogo. Nikamuuliza, "Mwanao ana alama gani?" Watu wa kazi yangu tulijua kwamba jina halisaidii, mtu akifika Kasongo anapewa jina jipya, Riziki, Mabruki, Mwanaidi, na la zamani linabaki njiani. Akaniambia mtoto aliungua na uji chini ya sikio la kushoto alipokuwa anatambaa, na kovu lilikaa kama jani lililokunjwa.

Niliporudi Kasongo nilianza kuuliza. Sikuwauliza wanaume. Niliuliza kisimani, niliuliza sokoni kwa wauza samaki, niliwauliza wasusi, maana msusi anajua masikio ya mji mzima. Msusi mmoja ndiye aliyeniambia, "Kovu kama jani? Huyo ni Faida, wa mashamba ya mpunga ya upande ule." Nikaenda.

Nilimkuta mwanamke mzima, mtoto mgongoni, anapepeta mpunga. Nilimsemesha Kibangubangu. Akanitazama kama mtu anayesikia wimbo asioujua maneno yake. Nikarudia kwa Kiswahili: "Natoka ng'ambo ya Luama. Mama yako anaitwa Bitondo. Bado anasimama njiani anakuulizia."

Ungo haukusimama. Aliendelea kupepeta, na makapi yakawa yanaruka, na punje nazo zikaanza kuruka pamoja nayo, zikamwagika chini, naye hakuziona.

"Bado iko hai?" akauliza.

"Iko hai. Bega lake moja limeinama."

Akauliza tena, "Iko na meno?" Sikujua kwa nini alitaka kujua habari za meno. Nafikiri alikuwa anajaribu kumwona.

Kumchukua haikuwezekana. Bibi wa nyumba ile alinipokea kwa heshima zote, akanitandikia jamvi, akaniletea kahawa, akaniuliza habari za safari. Nilipomweleza, akasema kwa upole, "Faida ni mtu wa nyumba, Mama Mwamini. Tunampenda." Hapo mazungumzo yakaisha. Nilikunywa ile kahawa yote.

Nilipovuka tena Luama nilimpelekea Bitondo habari. Hakulia. Aliniuliza, "Umemwona kwa macho yako?" Nikasema ndiyo. Akauliza kama anashiba, nikasema anashiba. Akauliza kama anapigwa, nikasema sikuona alama. Nikamwambia kuna mtoto, wa kike. Akaniletea kiti cha mti, akaniosha miguu kwa mikono yake. Tangu hapo hakusimama tena njiani. Misafara iliyopita baadaye ilishangaa. Mkalimani mmoja kijana aliniuliza, "Mama, wale Wajeuri wamefundishwa adabu na nani?"

Halafu vita ya Wazungu na Waarabu ikaja. Hiyo mmesimuliwa na baba zenu, siirudii. Kasongo ilivunjika. Nyumba kubwa zilihama na zingine zikaungua, na watu waliokuwa watumwa asubuhi, jioni hawakuwa na bwana wala chakula. Mimi nilikuwa nimeshahamia hapa Kabambare. Siku moja mwanamke alisimama mlangoni pangu, vumbi mpaka kwenye nyusi, mtoto anatembea kando yake. Nilimtambua kwa kovu.

"Yaya," akasema, akiniita dada mkubwa, "unipeleke. Sijui njia, na lugha nimeisahau."

Ilikuwa safari yangu ya mwisho ya kazi. Tulivuka Luama kwa mtumbwi uliovuja, tukitoa maji kwa kibuyu. Njiani nilijaribu kumkumbusha maneno. Maji, moto, njoo, kaa. Aliyasema, lakini yalitoka na sauti ya Kasongo, laini, kama ya mtu anayeomba ruhusa.

Tulifika watu wakiwa mashambani. Bitondo alikuwa uani kwake anaanika mihogo. Alimwona mwanawe kabla sijasema kitu, akaacha vipande vya mihogo vimwanguke. Akaja, mikono imenyooka mbele. Kwao mtu aliyerudi kutoka mbali hushikwa uso kwa viganja viwili na kutazamwa ndani ya macho, muda mrefu, ndipo anaulizwa habari.

Lakini Faida alikuwa amelelewa na Kasongo. Alipiga magoti mavumbini, akainamisha kichwa, macho chini, akasema polepole, "Shikamoo, mama."

Bitondo akasimama pale pale. Mikono ikarudi chini.

"Amesema nini?" akaniuliza.

Sikupenda kulitoa neno lile, lakini nilifundishwa kutoa yote. "Amesema anakushika miguu. Ni salamu ya heshima. Watumwa huwapa mabwana zao, na watoto huwapa wazazi."

"Mimi si bwana wake. Mbona haniangalii? Wamemfundisha kunidharau?"

Nikamgeuzia Faida. Hakuinua macho, machozi yalikuwa yanadondoka moja kwa moja ardhini. "Mumwambie simudharau," akasema. "Kwetu mutoto mwenye adabu haangalie mama yake machoni."

Kwetu, alisema, na alikuwa anasema Kasongo. Nililigeuza lote, na neno hilo pia. Nikaongeza na sababu yake: kwamba alichukuliwa mdogo, kwamba huko macho ya juu ni ufidhuli na msichana hupigwa kwa ajili yake, kwamba hajui heshima nyingine zaidi ya hii, na hii ndiyo aliyobeba njia nzima kumletea mama yake.

Bitondo alisikiliza mpaka mwisho. Mtoto wa Faida alikuwa ameshika nguo yangu.

Kisha yule mama aliyeitwa mjeuri na misafara yote ya Maniema akajishusha. Aliweka goti moja chini, kisha la pili, kwa shida kwa sababu ya bega lake. Katika kijiji kile mzazi hapigi magoti mbele ya mwanawe. Ni aibu, na wanawake wawili waliotokea shambani walipoona wakaziba midomo. Hakuwajali. Aliinama, akainama tena, akalaza shavu lake kwenye vumbi, mpaka uso wake ukawa chini kabisa ya uso wa mwanawe, pale ambapo macho ya Faida yalikuwa yakitazama.

Akainua mkono, akagusa lile kovu chini ya sikio. Akasema kitu kwa sauti ndogo.

Faida akaniuliza bila kugeuka, "Yaya, anasema nini?"

Nilikuwa nimesikia, lakini kwa hilo hawakuhitaji mkalimani. Nilimnyanyua yule mtoto, nikaenda naye upande wa jikoni kumtafutia maji.